Tone chini ya Land Rover: msishushe injini kabla hamjamwaga poda

Ukipita barabara kuu ndani ya mkoa wa Singida utayaona tu: madumu ya mafuta ya alizeti yamepangwa kando ya lami, yanang'aa juani. Unanunua dumu moja, unalitupia kwenye buti, unafika nyumbani unakuta zulia la buti limeloa. Wengi wetu tutaanza kupapasa kitako cha dumu tukitafuta tundu. Mama anayeuza mafuta hahangaiki hivyo. Atashika kifuniko, atakizungusha kidogo, kwisha habari. Mafuta yalitokea juu, yakateremka ubavuni, yakajikusanya chini.

Mpenzi msomaji, habari ya dumu ndiyo habari ya injini ya gari la zamani. Pale tone linapoangukia ni mwisho wa safari ya oili. Mwanzo wake uko kwingine kabisa, mara nyingi juu. Asiyelijua hili hulipia kazi kubwa kwa ugonjwa mdogo, na hela inayotumika huwa ni ya nyumba nzima.

Basi mwezi huu tunaongea na ninyi wenye mkweche wa heshima. Tutachukua mfano wa Land Rover Series III, ile iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, kwa kuwa bado zipo mikoani. Nyingi zilianza maisha serikalini au misheni, zikauzwa, zikapita mikono kadhaa, mpaka moja ikaangukia kwa mzee wako na sasa ni zamu yako. Ni gari la kumbukumbu, linapiga picha nzuri siku ya harusi, na linavuja oili.

Hela ya bati au hela ya injini?

Tuseme ninyi ni wanandoa wa miaka mitatu hivi, mnaishi Singida mjini, wote mnafanya kazi. Mna kiwanja, msingi umesimama, na mmeanza kuweka hela ya bati. Asubuhi moja mwenye nyumba analalamika: sakafu yake ina doa jeusi. Mnampigia fundi. Anainama, anachungulia dakika mbili, anatoka anajifuta mikono: "Bosi, hii ni oili sili ya nyuma ya krankshafti. Hapa injini ishuke." Anataja bei. Ni hela ya bati ile ile.

Hapo ndipo mambo yanapoanza. Mama anasema, "Mume wangu, hili gari litatumaliza, tuliuze." Baba anasikia, "Mzee wako na kumbukumbu zake havina maana." Mama anamaanisha bati, baba anasikia marehemu baba yake. Wananuniana wiki nzima, na bado hakuna anayejua oili inatoka wapi.

Ukweli ni kwamba fundi anaweza kuwa sahihi. Sili ya nyuma ya Land Rover hizi huvuja kweli, na kuifikia ni kazi: giaboksi litoke au injini itoke. Lakini dakika mbili za kuchungulia injini iliyojaa tope la oili na vumbi haziwezi kuthibitisha chochote. Kabla hela haijatoka, mtuhumiwa apewe nafasi ya kujitetea.

Hesabu ya tone

Kwanza tulize moyo kwa hesabu. Kwa makadirio, matone 20 ni mililita moja, kwa hiyo lita moja ni kama matone 20,000. Gari likidondosha matone 10 kila usiku, itachukua zaidi ya miaka mitano kupoteza lita moja hapo lilipoegeshwa. Doa kwenye sakafu linatisha kwa sababu oili hutanda. Jicho linaona beseni wakati aliyemwagika ni kijiko.

Lakini usishangilie mapema. Barabarani oili inapata moto, inakuwa nyepesi, na inasukumwa na pampu. Gari linalodondosha matone machache nyumbani linaweza kumwaga kikombe kizima kwenye safari moja ndefu. Likifikia tone moja kila dakika, hiyo ni lita nzima kwa kama wiki mbili.

Kwa hiyo asiulizwe sakafu, aulizwe stiki ya oili. Egesha mahali tambarare, zima injini, subiri dakika kama kumi oili ishuke kwenye sampu. Chomoa stiki, ifute, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena ndipo usome. Andika kwenye daftari: tarehe, kilomita, oili iko wapi, umeongeza kiasi gani. Daftari lishikwe na yule asiyelipenda gari. Hapo hakuna atakayeshutumiwa kupika namba.

Injini ya petroli ya lita 2.25 ya Series III inabeba zaidi ya lita 6 za oili, hivyo kupungua kidogo hakuiui. Kinachoua ni kutojua imepungua kiasi gani. Wale wanaotoka Shelui kuupanda mlima Sekenke wanaijua kazi yake: gari limeinama, injini inalia, joto juu. Oili ikiwa chini sana, pampu huanza kuvuta hewa, na vyuma vinasagana vikavu. Taa ya oili ikiwaka mkiwa barabarani, zima injini hapo hapo, msiseme "tufike kijiji kinachofuata kwanza". Injini ikishanoki, mjadala wa gasketi umekwisha. Kilichobaki ni mjadala wa injini nyingine.

Je, ni oili kweli?

Usiku tandika boksi chini ya gari, kuanzia chini ya rejeta mpaka nyuma ya giaboksi. Weka alama yalipo matairi ya mbele, ili asubuhi ujue kila doa liko chini ya kitu gani. Kisha chovya kidole, nusa.

Oili ya injini ni kahawia au nyeusi, inateleza, na kama imetumika muda mrefu inanuka kama moshi. Oili ya giaboksi na difu ni nzito, na harufu yake ni kali, kama kiberiti kilichooza. Ukiisikia mara moja huisahau. Mafuta ya breki ni mepesi, na yanakula rangi ya gari. Doa la hayo ni dharura, gari lisitembee mpaka litengenezwe. Maji ya rejeta yanajulikana, yatakuwa na rangi ya dawa au ya kutu.

Hatua hii pekee imeokoa hela za wengi. Kwenye Land Rover hizi, chini ya nyumba ya klachi, pale injini inapokutana na giaboksi, kuna tundu dogo la kutolea maji na oili. Tone linalotoka hapo linaweza kuwa la injini, na linaweza kuwa la giaboksi. Pua ndiyo itaamua. Kama ni la giaboksi, mngeshusha injini mkabadilisha sili, mkarudi nyumbani na doa lile lile.

Na angalia kama tundu hilo limezibwa. Lina kizibo chake cha skrubu, ambacho kazi yake ni kuzuia maji mnapovuka mto. Mkishavuka, kitolewe. Kikiachwa, doa linaisha sakafuni na kila mtu anafurahi, kumbe oili inajikusanya ndani na kulowanisha klachi, mpaka siku gari linanguruma mlimani na haliendi.

Mwogesheni, mpakeni poda

Sasa kazi yenyewe. Inataka Jumamosi moja, watu wawili na nguo za kuchafuka.

Injini iwe ya baridi. Funika distributa, kabureta na alteneta kwa mifuko ya plastiki. Paka sabuni maalumu ya kuoshea injini, au mafuta ya taa kwa brashi, sugua tope lote kuanzia juu kwenda chini, kisha futa au suuza kwa maji kidogo. Usitumie petroli hata kama jirani anasema ndiyo inayotoa haraka, moto wake hauombi radhi. Acha kila kitu kikauke kabisa. Mtwara au Tanga mngesubiri, ila kwa upepo na jua la Singida hamtachelewa.

Wengi wanashangaa kwa nini tunasisitiza usafi. Ni kwa sababu mkoa wetu una vumbi na vumbi hupenda oili. Likikutana na oili linakuwa ganda jeusi, na ganda hilo linabeba oili ya mwaka jana, ya mwenye gari aliyepita na ya jana, yote kwa pamoja. Juu yake feni na upepo wa mwendo husukuma oili kwenda nyuma. Ndiyo maana uvujaji wowote, hata wa mbele kabisa, hatimaye hujikusanya nyuma na chini, mahali pale pale penye sili ya nyuma. Sili ile inasingiziwa mengi.

Injini ikishakauka, chukua poda ya mtoto na uipulizie kote: ubavuni, kwenye maungio ya vifuniko, kuzunguka filta, mbele karibu na puli, chini kwenye sampu. Isiingie kwenye kabureta tu. Injini yote iwe nyeupe kama imetoka kuogeshwa na bibi.

Washeni gari, liache likiunguruma huku mmoja akimulika na tochi. Weka mbali mikono, tai, mtandio na nywele ndefu, feni haijui mke wala mume. Kama hamjaona kitu, nendeni mzunguko wa kilomita kumi hivi, mkaone Ziwa Singidani jioni, mrudi. Fungueni boneti. Kwenye weupe wa poda oili itakuwa imechora mstari mweusi. Ufuateni mstari huo kwenda juu mpaka unapoanzia. Hapo ndipo nyumbani kwake.

Tahadhari moja kubwa: msiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki tupu. Tena hendibreki ya Land Rover hizi haishiki magurudumu, inashika propela shafti ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, gari linaweza kuserereka hata kama hendibreki imevutwa. Wekeni mawe au kabari kwenye magurudumu yaliyobaki chini, na stendi imara za kubebea gari. Bahati nzuri gari lenyewe liko juu, mengi mtayaona bila kuliinua.

Watuhumiwa, kuanzia juu

*Kava ya tapeti.* Ni kile kifuniko cha bati kilicho juu kabisa ya injini. Gasketi yake hukauka na kupasuka kwa miaka. Oili inateremka ubavuni na nyuma ya injini, inadondokea nyumba ya klachi, na kila mtu anasema "sili ya nyuma". Kubadilisha ni kazi fupi. Usikaze nati kwa hasira: ukizidisha, bati linapinda na gasketi mpya itavuja kuliko ya zamani.

*Pampu ya petroli na vifuniko vya ubavuni.* Injini hii ina vifuniko pembeni, na kimojawapo ndicho kinachobeba pampu ya petroli. Gasketi zake ni za karatasi. Mkiwa hapo, nuseni stiki ya oili. Kama oili inapanda badala ya kushuka na inanuka petroli, huenda mpira wa ndani ya pampu umetoboka na petroli inaingia kwenye sampu. Hilo lisisubiri mwisho wa mwezi.

*Swichi ya oili na filta.* Swichi ndogo ya taa ya oili iko kwenye mkono wa filta, na ikichoka hutema oili kupitia kwenye mwili wake. Filta ya kizamani ina kopo na ringi ya mpira. Mara nyingi anayebadilisha filta husahau ringi ya zamani kwenye mfereji wake, anaweka mpya juu yake. Mbili zikikaa pamoja, hakuna inayoziba.

*Sili ya mbele.* Ikivuja, puli huirusha oili kwa mduara. Utaona mstari wa kuzunguka, mkanda wa feni umeloa, na mbele kote pamechafuka.

*Sampu.* Angalia gasketi yake, na nati ya kumwagia oili pamoja na washa yake. Washa ndogo ya shaba inaweza kufanya doa linalowanyima usingizi.

*Sili ya nyuma.* Huyu awe wa mwisho kuhukumiwa. Ikiwa kote juu ni peupe na pakavu, poda haijaguswa, na tundu la nyumba ya klachi linatoa oili ya injini, basi fundi alikuwa sahihi, na mtamlipa kwa moyo mmoja.

Injini nayo inapumua

Hapa ndipo penye siri ambayo wengi hawaijui. Kila pistoni inapopigwa na moto, gesi kidogo hupenya kwenye ringi na kushuka chini kwenye sampu. Gesi hiyo lazima itoke, na kwenye Land Rover hutoka kwa vipumulio, pamoja na kile cha kwenye kifuniko cha kujazia oili, chenye matundu ya wavu wa waya ndani. Vumbi na oili vikiuziba wavu huo, gesi inakosa njia. Inasukuma. Inatafuta gasketi iliyochoka au sili yoyote iliyo dhaifu, inaipitishia oili.

Sasa fikiria: mmebadilisha gasketi ya juu, presha bado imo ndani, wiki mbili baadaye panavuja pengine. Mnabadilisha hapo, panavuja kwa tatu. Fundi anaonekana mwizi, gari linaonekana lina mkosi, kumbe injini ilikuwa inanyimwa pumzi. Kwa hiyo kabla ya gasketi yoyote, vueni vipumulio, vioshwe kwa mafuta ya taa, vikauke, virudishwe. Ni kazi ya dakika chache na gharama yake ni chupa ya mafuta ya taa.

Kisha pimeni afya: injini ikiunguruma taratibu, fungueni kifuniko cha kujazia oili. Pumzi ndogo ni kawaida. Ikiwa moshi unatoka kwa vishindo kama treni ya mvuke, ringi zimechoka. Hapo kushusha injini ni hoja ya haki, na hata sili mpya haitadumu bila kutibu ringi.

Nyongeza kwa wasio na Land Rover: kanuni ni ile ile kwa Peugeot 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Kwa Volkswagen Beetle, anzeni na mabomba yanayopitisha fimbo za tapeti chini ya injini. Mipira ya miisho yake huungua kwa joto na kuvuja.

Kabla hamjalipa, kabla hamjanuniana

Kwa fundi: nendeni wote wawili. Msiende kumbishia, nendeni na injini safi na mseme, "Fundi, tuonyeshe inapoanzia." Fundi mzuri atafurahi, mmemrahisishia kazi. Anayekasirika kuombwa kuonyesha, mshukuruni, mwende kwingine. Kubalianeni bei kabla ya spana ya kwanza, na kipuri cha zamani mrudishiwe mkononi.

Kwa baba: usimfiche mwenzio gharama. Anayesema "ni elfu kumi tu" kila Jumamosi ndiye anayefanya gari lichukiwe. Gari liwe na fungu lake kwenye bajeti, dogo lakini linalojulikana, na hela ya bati isiguswe bila nyote wawili kukubaliana.

Kwa mama: ukisema "tuliuze" kwa sababu ya doa, unaweza kuwa unauza kitu kizima kwa kasoro ya gasketi. Sema unachokiogopa hasa. "Naogopa hatutaezeka kabla ya masika" ni sentensi ambayo mume ataijibu. "Mkweche wako" ni sentensi ambayo ataikimbia, aende zake chini ya gari.

Wekeaneni mpaka. Oshani, pakeni poda, tengenezeni vile vidogo, kisha daftari lisome kilomita 1,000. Kama oili inayoongezwa imeshuka mpaka kiasi mnachokimudu, gari libaki na mtu asilitukane. Kama bado linakunywa lita kwa lita, kaeni mezani na namba zikiwa mbele yenu: kushusha injini, kulipumzisha mpaka nyumba iishe, au kuliuza kwa anayelipenda. Uamuzi wowote kati ya hiyo ni wa heshima ukifanywa na wawili.

Na oili mliyoimwaga msiielekeze mtaroni, mtaro unaishia ziwani. Iwekeni kwenye dumu, mpelekeeni fundi.

Wenye Land Rover wana utani wao: ikiacha kuvuja, ujue oili imekwisha. Basi msidai ukavu wa gari jipya. Dai lenu liwe kujua linavuja wapi, kiasi gani, na hela ya nani inalipia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ila hakikisha kwanza ufa uko wapi. Jumamosi njema, na poda muirudishe kabatini kabla mtoto hajaiulizia.